Kwa Nini Mjomba Anaharibu Bustanini

Jumatatu, 2 Juni

Nimenunua daftari hili kwa sababu kichwa changu hakiaminiki tena. Mwaka jana nilichanganya tarehe mbili: kwaya ikaenda kwenye sherehe ya mtoto anayetimiza miaka sita, na mchekeshaji akaenda kwenye kumbukumbu ya marehemu. Watoto walisikiliza kwa adabu ya ajabu mpaka mwisho. Ya upande wa pili sitaki hata kuyaandika.

Kazi yangu ni kupanga muziki na burudani za sherehe za watu. Ofisi ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la miwani, chenye meza, simu, kalenda ya ukutani na dirisha lisilofunga vizuri. Nafanya kazi na wengi, ila bendi ninayoitegemea ni moja, ya watu watano. Kiongozi wake ni Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu. Anapiga kinanda, na bendi anaiongoza vilevile alivyoongoza darasa. Mpiga dramu ni Mjomba, mdogo wake mama yangu. Yeye ndiye aliyenitia kwenye kazi hii, wakati nimekaa nyumbani sina mbele wala nyuma. Alinishika mkono, akanipeleka kwa Mwalimu na kumwambia, "Huyu anauliza sana. Mpe kazi ya kuuliza." Tangu siku hiyo Mwalimu huniita Bi Maswali.

Msimu unaanza Jumamosi na utaisha tarehe 30 Agosti, kwa harusi ya binamu yangu, binti pekee wa Mjomba. Nitaandika kila sherehe: mahali, hali ya hewa, kilichokwenda vizuri na kilichokwenda mrama.

Jumamosi, 7 Juni

Harusi, ukumbi wa shule. Mvua tangu asubuhi, na bati lilipiga kelele hata emsii akalazimika kunyamaza mara mbili. Bendi haikunyamaza. Mjomba alivua viatu kama kawaida yake, akavipanga kando ya kiti, akapiga saa tatu nzima bila kukosea hata pigo moja. Kaka wa bwana harusi alicheza mpaka soli ya kiatu ikang'oka, akaendelea na kiatu kimoja.

Jumapili, 8 Juni

Nimelala.

Jumamosi, 14 Juni

Muuguzi mkuu anastaafu. Ukumbi wa wafanyakazi wa hospitali, jukwaa la mbao, manyunyu. Aliomba nyimbo za taratibu tu, kwa sababu miaka thelathini na mitano amekuwa akitembea haraka. Hilo lilinigusa. Nikamwambia Mjomba, akanijibu, "Ndiyo hivyo." Mjomba hujibu hivyo karibu kila jambo, na watu wanamwona mtu wa busara sana.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya nne bila tone la mvua. Simu nne leo, zote zinataka kitu kimoja: kuhamia bustanini. Mvua ikikatika tu, hakuna anayetaka kuoa chini ya paa.

Jumamosi, 21 Juni

Bustani ya kwanza ya msimu. Anga safi, nyasi zimekatwa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe.

Katika wimbo wa nne bendi yote ilisimama pale inaposimama siku zote. Mjomba akaendelea. Mapigo matano, sita, peke yake, kichwa amekiinamisha, anafurahia. Kisha akainua macho, akaona mikono ya wenzake imetulia, akamalizia kwa mbwembwe kana kwamba ndivyo walivyopanga. Watu wakacheka na kumpigia makofi. Mwalimu hakucheka. Alimtazama kwa macho yale ya mtu anayesahihisha daftari.

Jumapili, 22 Juni

Nadhani ni jua. Wiki ijayo nitamwekea mwavuli.

Jumamosi, 28 Juni

Bustani, mwavuli mkubwa juu ya dramu. Mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mjomba alianza kabla ya wenzake, na katika wimbo wa wazazi alikimbia mbele mpaka mwimbaji akawa anameza maneno ili amfikie. Mama wa bibi harusi aliniuliza kwa upole kama yule mzee anaumwa.

Mwalimu akanivuta nyuma ya jenereta.

"Mjomba wako anakunywa?"

"Simjui kwa hilo."

"Basi mjue. Mimi nimepiga naye miaka ishirini na sita. Siwezi kumwendea nikamuuliza kama amelewa."

Jumatatu, 30 Juni

Nimempigia simu mkaza mjomba, nikajifanya nimemkumbuka tu. Nikazungukazunguka mpaka akachoka nami.

"Mwanangu, sema unachotaka. Nina sufuria jikoni."

Nikamuuliza kama Mjomba anakunywa.

"Anakunywa chai. Na sukari nimempunguzia." Kisha akasema sufuria inaungua, akakata.

Jumamosi, 5 Julai

Ilikuwa iwe bustani. Saa nne asubuhi ikashuka mvua ambayo hakuna aliyeitabiri, tukahamisha kila kitu mbiombio kwenye ukumbi wa chuo, penye jukwaa bovu la mbao linalolia kila ukikanyaga. Bibi harusi alilia, mpambaji alilia, mimi nilibeba viti. Mjomba akavua viatu, akapiga kama kijana wa miaka ishirini. Hakukosea popote. Mwalimu alitabasamu mara mbili, nilihesabu.

Nimerudi kulisoma daftari hili tangu mwanzo. Siku tatu za mvua, hakuna kosa. Siku mbili za jua, makosa tele. Nimepiga mstari chini yake.

Jumanne, 8 Julai

Labda jua linamuumiza macho. Labda ana shinikizo la damu linalopanda kukiwa na joto. Labda haipendi bustani, maana kuna watu wanaochukia wadudu na hawasemi. Nimemuuliza moja kwa moja alipopita ofisini kuchukua ratiba. Nilikuwa nimeinama natafuta karatasi kwenye droo nikasema, "Mjomba, jua linakusumbua?" Akaniambia, "Ndiyo hivyo." Nikainuka nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi kabisa, yuko imara, na harusi ya binti yake ikifika nitaona mwenyewe. Ananichanganya.

Jumamosi, 12 Julai

Nilikuwa naisubiri siku kama hii: bustani, lakini mawingu matupu, ubaridi, si jua wala mvua. Kama ni jua, leo angekuwa salama.

Hakuwa salama. Aliharibu nyimbo mbili, na wa tatu mpiga besi aliuokoa kwa kumwonyesha kwa kichwa wapi pa kukatia. Basi si jua. Nimefurahi kidogo kwa kulijua hilo, na papo hapo nikaona aibu kwa kufurahi, kwa sababu Mwalimu alikuwa ananisubiri garini.

Kinanda chake kina kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, dramu zinajipiga zenyewe, hazichoki wala hazipotei. Alinionyesha.

"Mara moja tena tu, Bi Maswali. Akiharibu, atakaa chini. Wala sitatafuta mtu mwingine. Nitabonyeza hiki."

Mjomba alianza kupiga dramu kabla sijazaliwa. Siwezi hata kumwaza akiwa mtu asiyepiga dramu. Kuanzia leo ninachotafuta ni kitu kimoja: nini kinamharibu, kabla Mwalimu hajabonyeza.

Alhamisi, 17 Julai

Jumamosi tuko ndani, ukumbi wa hoteli, jukwaa zuri la mbao. Wazee wawili wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na watoto wao wametaka wacheze peke yao katikati ya ukumbi. Ndani Mjomba hajawahi kukosea, kwa hiyo nimelala usingizi wa raha.

Nimeongeza na la kwangu. Mpambaji ana zulia jekundu zito ajabu, lenye sponji chini yake, ukilikanyaga mguu unazama. Nimemwomba alitandike jukwaa zima. Mjomba hukaa peku saa nyingi, angalau siku moja miguu yake ipumzike. Sijamwambia, nataka alikute tu.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kurasa hizi jioni hiihii kwa sababu nikisubiri kesho nitaanza kujitetea.

Mjomba alipopanda jukwaani alisimama ghafla juu ya zulia. Akalitazama, akanitazama. Nikampungia mkono nikitabasamu, nikamwonyesha kwamba ni kazi yangu. Na yeye akatabasamu. Akavua viatu, akakaa, akabonyezabonyeza sakafu kwa vidole vya miguu. Nilidhani anafurahia ulaini.

Nyimbo za kwanza alijikongoja, macho yakiwa hayabanduki kwenye mikono ya mpiga besi. Kisha wakaitwa wale wazee. Babu alikuwa amevaa suti ya kijivu, bibi gauni la buluu. Mtoto wao mmoja alikuwa amenidokeza kwamba baba yao amefanya mazoezi ya hatua zile sebuleni mwezi mzima, meza ikisogezwa ukutani kila jioni. Taa zikapunguzwa, jukwaani ikabaki nusu giza, wimbo ukaanza, wakaanza kucheza, na walikuwa wanacheza vizuri.

Kwenye ubeti wa pili Mjomba akapotea. Alichelewa, akaharakisha kufidia, akapitiliza. Mwimbaji akaenda huku, dramu zikaenda kule. Babu akasimama katikati ya ukumbi, watu wote wanamtazama. Akaitazama miguu yake. Kisha akamwambia mkewe, na kwa kuwa bendi nayo ilikuwa imekwishasimama kila mtu alisikia, "Samahani, mama. Miguu yangu hii."

Alidhani amekosea yeye.

Mwalimu alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha rangi ya chungwa, na wimbo ukaanza upya. Wazee wakacheza mpaka mwisho, wakapigiwa makofi. Mjomba alikaa pale nyuma ya dramu saa nzima iliyobaki, vijiti mapajani. Baadaye Mwalimu alimsogelea, akasema naye maneno machache ana kwa ana, na Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikapita nikijitia hamnazo. Sikuwa na uso wa kumtazama.

Jumapili, 20 Julai

Ndani, jukwaa la mbao, hakuna jua. Na bado. Sielewi chochote.

Jumanne, 22 Julai

Leo nimekwenda nyumbani kwa Mjomba saa tisa mchana kumwomba radhi, ingawa nilikuwa sijui hasa naomba radhi ya nini.

Muziki wa nyumba ile niliusikia tangu njia panda. Mkaza mjomba alinifungulia mlango, pamba masikioni. Akanielekeza sebuleni kwa kidole kwa sababu hakuna ambaye angesikia kitu humo. Mjomba alikuwa amenipa mgongo. Amekaa kwenye kiti cha mbao, spika kubwa imelazwa sakafuni mbele yake, na nyayo zake mbili ziko juu ya ile spika. Alikuwa anapiga kwa vijiti juu ya stuli, sawasawa kabisa, hakosei.

Nikabisha hodi kwa sauti. Kwa kelele zile, ningeshangaa kama angenisikia.

Umeme ukakatika.

Nyumba nzima ikawa kimya. Mjomba akainua nyayo, akainama kuangalia waya wa spika. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

Aliendelea kupapasa waya.

"Mjomba, shikamoo."

Akachomoa plagi, akaipuliza, akairudisha. Nikasema mara ya tatu, kwa nguvu. Jogoo wa jirani alinijibu, Mjomba hakunijibu. Nikageuka kumtazama mkaza mjomba. Alikuwa anatoa pamba masikioni taratibu, moja, kisha ya pili.

"Mimi nimeongea na mgongo wake miaka minne," akasema. "Karibu ukae."

Mjomba alipogeuka na kuniona, uso ulimshuka. Akaanza kucheka, kusema umeme wa siku hizi hauna adabu. Mimi nikatoa daftari hili hili, nikaandika kwenye ukurasa wa nyuma, "Hata kidogo husikii?" nikampa. Aliusoma muda mrefu kuliko urefu wake.

"Kidogo sana," akasema. "Mwaka jana sikio moja lilikuwa bado linanitosha hata bustanini, mwaka huu nalo limekwenda. Radi naisikia. Nyie nawasoma midomo. Mtu akigeuka au akiinama, ameondoka."

Kumbe ndiyo maana. Kila nilipomuuliza jambo nikiwa nimeinama kwenye droo, alinijibu "Ndiyo hivyo," nami nikaona busara.

Akanieleza yote, wala hakuwa na haraka. Besi inapita kwenye mbao, inaingia nyayoni, inapanda mpaka magotini. Nyayo zikishaipata, mikono inajua la kufanya, imefanya hivyo maisha yote. Mbao ndizo nzuri kuliko zote. Nyasi hazimpi kitu, ni kama kukaa juu ya unga. "Na lile zulia lako, mwanangu," akasema, akaishia hapo.

Nililia. Nilimtandikia sponji miguuni mtu anayeutegemea muziki uje kwa miguu, na nilitabasamu nilipokuwa namfanyia hivyo. Akanipigapiga begani, eti yeye ndiye wa kunibembeleza.

Nikamwambia tumweleze Mwalimu. Akakataa. Nikamwambia basi tumweleze Binamu, akakataa zaidi.

"Mwache kwanza aolewe. Akijua leo, siku yake nzima atakuwa ananitazama mimi. Nataka nimpigie aingie, nisikosee, akae kwa mumewe. Yakishapita hayo nitasema mwenyewe. Niahidi."

Nimeahidi.

Jumatano, 23 Julai

Nimeyasoma tena yote niliyoandika. Kila sherehe nimeweka jua, mvua, mawingu, hata soli ya kiatu cha mtu. Mbao nimezitaja mara nne bila kujua ninachokitaja. Mvua ilikuwa inatupeleka tu kwenye majukwaa. Nilikuwa natazama juu, na jibu lilikuwa chini.

Ijumaa, 25 Julai

Binamu kapiga simu. Amesikia baba yake amesimamishwa. "Kwani ana nini? Mimi nikimuuliza ananiambia ndiyo hivyo." Nikasema amechoka tu. Uongo wangu wa kwanza.

Jumamosi, 26 Julai

Bustani. Kitufe. Hakuna mgeni hata mmoja aliyegundua, na hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 2 Agosti

Bustani. Kitufe. Upepo ulichukua kofia tatu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwendea Mwalimu kwake. Alikuwa anamwagilia maua kwa birika kuukuu, hakuacha.

"Harusi ya Binamu," nikamwambia. "Mpe wimbo mmoja tu, ule wa bibi harusi kuingia. Akikosea, usimwite tena, na mimi sitakuomba tena."

"Siku ya binti yake mwenyewe? Ukimpenda usimwombee hilo. Wale wazee umewasahau?"

"Sijawasahau."

Akamaliza chungu kimoja, akaenda cha pili. "Kuna kitu unakijua."

"Ndiyo."

"Na huniambii."

"Siyo changu kukisema."

Akaliweka birika chini. Miaka yote niliyomfahamu, hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye kutaka kujua jambo nami nisimwambie, na nadhani ilimshtua zaidi ya ombi lenyewe.

"Wimbo mmoja," akasema. "Kidole changu kitakuwa juu ya kitufe."

Jumamosi, 9 Agosti

Kitufe.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempata fundi seremala mwenye ukimya wa kupendeza. Nimemweleza nataka jukwaa la mbao la kuweka juu ya nyasi, chini, lisiinuke sana, lakini liwe na uwazi chini yake na mbao zishikane kama kitu kimoja. Akaniuliza la nini. Nikamwambia nataka mtu akikanyaga kona hii, aliyekaa kona ile ajue. Akagonga meza yake kwa ngumi, akaweka kiganja upande wa pili, akafikiri, akasema, "Mninga." Hakuuliza tena.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukumbi wa kanisa, jukwaa zuri la mbao. Kitufe. Nililitazama lile jukwaa saa tatu nzima, linakaa bure.

Jumatano, 20 Agosti

Binamu amekuja ofisini na mchoro wake wa bustani. Halitaki jukwaa. Litaharibu picha, yeye tangu zamani alitaka nyasi tupu, kwa nini namwekea mbao mbele ya maua.

"Siafu," nikasema.

"Siafu?"

"Bustani ile ina siafu. Wakipanda kwenye miguu ya bendi, harusi yako itakuwa ya kukimbizana."

Akanitazama kwa mashaka. Yeye na mimi tumekua pamoja, ananijua nikitia chumvi. Lakini akachora kiboksi pembeni mwa maua, akaandika "mbao" kwa herufi ndogo kabisa. Uongo wa pili. Nikimaliza msimu huu nitakuwa nimeiva.

Jumamosi, 23 Agosti

Kitufe.

Ijumaa, 29 Agosti

Jukwaa limelazwa. Mjomba alikuja peke yake, akavua viatu, akapanda. Nikamwomba mpiga besi aweke spika yake juu ya mbao, si chini kwenye nyasi. Akauliza kwa nini, nikamwambia siafu. Akapiga noti moja ndefu. Mjomba alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Julai nikamwona anapumua mpaka chini.

Jumapili, 31 Agosti

Ya jana.

Saa tisa alasiri, jua la kutosha, wageni mia mbili. Binamu alikuwa amesimama nje ya geti na shela lake, mimi kwenye nguzo ya geti. Kutoka pale niliona kidole cha Mwalimu juu ya kitufe, kama alivyoahidi. Mjomba amevaa suti, peku. Vijiti mkononi.

Mpiga besi akaanza. Mjomba akangoja, mapigo manne, kisha akaingia.

Alipiga, jamani. Sina namna ya kuliandika. Binamu aliingia akitembea, na kufika katikati akawa anacheza, gauni na yote. Shangazi za bwana harusi wakaacha viti. Kwenye ubeti wa pili, pale Mjomba alipopotea siku ile hotelini, nilishika nguzo. Alipita palepale kama mtu anayepita sebuleni kwake. Nikamtazama Mwalimu: mikono yote miwili iko kwenye kinanda, kitufe amekisahau. Wimbo ukasimama, Mjomba akasimama nao, pamoja, kwenye pigo lilelile.

Makofi, vigelegele. Mjomba akainamia dramu zake, akaanza kukaza skrubu, ametugeuzia mgongo. Nikawaza, tumemaliza. Nilikuwa nimepanga kila kitu kuhusu muziki, na sikufikiria hata dakika moja kuhusu emsii.

Emsii alikuwa mbele, kwenye nyasi, na maiki. "Sasa tunamwomba baba mzazi aje amshike mkono binti yake, amfikishe kwa mumewe."

Mjomba akakaza skrubu.

"Baba mzazi, karibu."

Watu wakatulia. Mjomba akapuliza vumbi juu ya ngozi ya dramu. "Baba mzazi," emsii akasema mara ya tatu, na hapo nyuma mtu akacheka, yule wa kudhani mzee analeta maringo. Mkaza mjomba akainuka kwenye kiti chake. Nami nikaanza kutembea, lakini nilikuwa mbali.

Binamu alikuwa karibu kuliko sisi sote. Alikuwa anautazama mgongo wa baba yake. Kisha akazitazama zile mbao, kisha spika ya besi iliyokaa juu yake, kisha nyayo tupu. Akaniangalia mimi. Sijui uso wangu ulimwambia nini, ila naujua wake. Niliona miaka yote ya "ndiyo hivyo" inampitia usoni.

Hakuita. Alishika gauni kwa mikono miwili, akapanda mguu mmoja juu ya jukwaa, akapiga kisigino kwenye mbao. Mara tatu.

Mjomba akageuka.

Alimwona binti yake, akaona wageni mia mbili kimya, akaona mkewe amesimama. Akakitazama kile kisigino kilicho juu ya mbao, na akajua kwamba anajua. Kwanza alinigeukia mimi. Nikatikisa kichwa: si mimi. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake, na maiki ya mwimbaji ikaipeleka bustani nzima, "Nilitaka kukwambia baada ya harusi."

Binamu akasogea mpaka akamkabili, akamwinulia uso ili midomo yake ionekane vizuri, akasema polepole, "Baba. Vaa viatu, twende."

Akavaa. Alishindwa kufunga kamba, kwa mikono ileile iliyopiga. Binamu akapiga magoti juu ya mbao na shela lake, akamfungia. Wakashuka kwenye nyasi wameshikana, na aliyeongoza ni Binamu.

Jumatatu, 1 Septemba

Mwalimu amekuja saa mbili, kabla sijafungua dirisha. Hakusalimia. Akaweka kofia juu ya meza, akaniambia nimpe daftari, nikampa. Alilisoma kuanzia tarehe 2 Juni, kalamu nyekundu mfukoni kama zamani, ila hakuitoa. Mimi nilipanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Miaka minne," akasema mwishoni. Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo ilimsimama. "Miaka minne ananikalia pale nyuma, hanisikii, na haniambii. Nilimbonyezea kitufe mbele ya watu. Ningejua ningembonyezea?"

Nikasema nadhani ndiyo, angembonyezea mapema zaidi, ndiyo maana Mjomba hakumwambia.

Akajipangusa uso kwa kiganja. Akaliangalia dirisha lisilofunga, akaitazama kalenda, akatafuta kwa kidole sherehe ya kwanza ya Oktoba.

"Ukumbi huu jukwaa lake ni la nini?"

"Saruji," nikamwambia.

Akakunja ndita, akafikiri, akachukua kofia yake.

"Basi mwite yule seremala akapime."